Lita 20 za Mdomoni: Neno la Muuzaji wa Mifugo Lina Uzito Gani?

Saa kumi na mbili asubuhi, katika soko moja la mifugo huko bara, shangazi yangu alisimama mbele ya ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe akakitazama kiwele chake kwa muda mrefu. Kilikuwa kimejaa hadi kinang'aa. Chuchu zilikuwa zimetawanyika kila moja upande wake, na matone mawili matatu ya maziwa yalikuwa yakidondoka yenyewe kwenye vumbi. Dalali hakuhitaji kuhubiri. "Mama, huyu ni mzima kabisa. Amechanjwa kila kitu. Lita 20 kwa siku, na ana mimba ya miezi mitatu." Yote hayo kwa pumzi moja. Shangazi akatuma pesa kwa M-Pesa, ng'ombe akapakiwa kwenye lori, safari ya kuja kwetu Kaloleni, huku pwani, ikaanza.

Jioni ile ng'ombe alikamuliwa lita 11 kwa mkupuo mmoja, na majirani wakaja kutazama. Kesho yake asubuhi alitoa lita 4, jioni 3. Tangu hapo hakuvuka 7 kwa kutwa. Shangazi alipompigia dalali, aliambiwa mnyama amechoka na safari, ampe muda. Baada ya siku chache simu ikawa inaita tu, haipokelewi. Daktari wa mifugo alipokuja kumpima kwa mkono, mimba nayo haikuwapo.

Kile kiwele hakikuwa na siri kubwa. Ng'ombe hakuwa amekamuliwa tangu jana yake asubuhi. Kumzuilia mnyama maziwa ili kiwele kivimbe machoni pa mnunuzi ni hila kongwe kiasi kwamba fikihi ya Kiislamu ina jina lake mahususi, tasria, na ina hukumu yake. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikataza kuwafungia maziwa ngamia na kondoo wanaouzwa. Aliyemnunua mnyama wa namna hiyo, akishamkamua, ana hiari: akiridhika amshike, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Riwaya moja inampa siku 3 za kuamua.

Hiyo pishi ya tende ina hesabu yake, wala si sadaka. Maziwa yaliyokuwa ndani ya kiwele saa ya kununua yalikuwa mali ya muuzaji, lakini yamekwisha kukamuliwa, kuchanganyika na mapya na kunywewa. Nani atayapima? Basi malipo yakawekwa kima kimoja ili watu wasigombane. Wanafikihi wa Kihanafi hawakuichukua hukumu hii. Mashafii, ambao ndio madhehebu ya pwani yetu, waliichukua.

Ninaitaja kwanza kwa sababu inaonyesha kitu ambacho wanunuzi wengi wa mifugo nchini Kenya wanadhani wanacho, kumbe hawana: siku za kumjaribu mnyama. Hadithi inatoa siku 3. Sheria ya kilimo ya Ufaransa ina orodha maalumu ya kasoro za wanyama, na kwa baadhi yake mnunuzi ana siku 10 za kwenda mahakamani tangu kukabidhiwa mnyama. Kwa nyingine, kama magonjwa mawili ya farasi, ni siku 30. Orodha hiyo inawagusa hata mbwa, ikiwemo parvo, ugonjwa wa kuhara unaowaua watoto wa mbwa, na kasoro ya kiungo cha nyonga. Sheria ya Kenya ya kuuza na kununua haitaji siku hata moja kwa ajili ya ng'ombe. Usipoziandika wewe, hazipo.

Tuanze na sheria yenyewe. Biashara ya mifugo inasimamiwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo mwili wake umetokana na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Tanzania wana dada yake, Sura ya 214. Mbele ya sheria hii ng'ombe ni bidhaa kama redio au gunia la mahindi, na kanuni yake ya msingi ni ile ya mnunuzi kufumbua macho. Kifungu cha 16 kinaanza kwa kusema wazi kwamba hakuna ahadi ya kimyakimya kuhusu ubora wa bidhaa, halafu ndipo kinaleta mambo ambayo hayamo katika kanuni hiyo.

Mawili kati ya hayo yanatuhusu. La kwanza: ukimweleza muuzaji unamtakia nini mnyama, kwa namna inayoonyesha kwamba unategemea ujuzi wake, na yeye kazi yake ni kuuza wanyama wa aina hiyo, basi mnyama lazima afae kwa kazi hiyo. La pili: ukinunua kwa maelezo kutoka kwa mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo, lazima ziwe na ubora unaokubalika sokoni. Lakini ikiwa ulikagua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha.

Soma tena maneno "kazi yake ni kuuza". Hapo ndipo fundo lilipo. Mkulima anayemuuza ng'ombe wake mmoja ili alipe karo si mfanyabiashara wa ng'ombe. Kwake yeye ulinzi wa kifungu cha 16 haukufikii kirahisi, na unabaki na yale aliyoyatamka tu. Dalali ndiye mfanyabiashara wa kweli, anashinda sokoni kila siku ya mnada, lakini mambo yakiharibika kauli yake huwa moja: "Mimi nilikuwa namsaidia mzee kuuza, ng'ombe si wangu." Kwa hiyo mwenye mali hana biashara, na mwenye biashara hana mali. Shangazi hakuwahi kujua jina la mwenye ng'ombe. Pesa zilikwenda kwenye namba ya dalali, na hilo, bila yeye kulipangia, lilikuja kuwa ushahidi mzuri kuliko wote aliokuwa nao.

Sasa tuyapime maneno. Wanasheria wetu bado wanazirejelea kesi za zamani za Uingereza na Ireland, na mbili kati yake zimesimama kama milango miwili inayotazamana.

Mlango wa kwanza ni kesi ya Ward na Hobbs, iliyoamuliwa mwaka 1878. Hobbs alipeleka nguruwe kwenye soko la Newbury. Walikuwa wagonjwa wa homa ya kuambukiza, na hoja ilikwenda hivi: hata kama alijua, je, alidanganya? Masharti ya mnada yalisema hakuna dhamana yoyote, kila mtu ajikagulie. Nguruwe wakafa, wakaambukiza na wengine wa mnunuzi. Kuwapeleka sokoni wanyama wenye maradhi ya kuambukiza lilikuwa kosa la jinai wakati huo, lakini mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema kitendo cha kuwapeleka pale hakikuwa tamko kwamba wana afya. Muuzaji hakufungua mdomo, basi hakusema uongo. Mnunuzi akatoka mikono mitupu.

Mlango wa pili ni kesi ya Schawel na Reade, ya mwaka 1913, kutoka Ireland. Mnunuzi alikuwa akimkagua farasi dume wa kupandishia. Muuzaji akamwambia hana haja ya kutafuta chochote, farasi ni mzima kabisa, na kama angekuwa na tatizo angemwambia. Mnunuzi akaacha kukagua. Majuma matatu baadaye akanunua, na farasi akaonekana hafai kwa kazi ile. Mahakama ikasema maneno yale yalikuwa dhamana, kwa kuwa aliyasema ili yategemewe, na yakategemewa.

Tofauti ya milango hii ni mdomo wa muuzaji. Anayenyamaza anapita, anayesema anafungwa na kauli yake. Ndiyo maana ninawashauri watu wasiogope dalali mwenye maneno mengi. Wa kuogopwa ni yule anayekuachia kamba na kusema, "Jionee mwenyewe, mama."

Kwa wanafikihi wa pwani hukumu ya Newbury ingekuwa ya ajabu. Katika madhehebu ya Shafii, muuzaji anayeijua kasoro ni wajibu wake kuitaja, na mnunuzi aliyegundua kasoro ya tangu zamani ana haki ya kurudisha, mradi afanye hivyo papo hapo bila kuzembea. Neno letu "aibu" linatokana na neno hilohilo la Kiarabu la kasoro, na nadhani halikupotea njia. Vipi basi muuzaji akisema mapema, "Nakuuzia pamoja na kasoro zake zote, mimi simo"? Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, sharti hilo humwokoa katika jambo moja tu: kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sababu waliyoitoa ni ya mtu aliyefuga. Mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hubadilika, na si rahisi kuyajua ya ndani. Kwa hiyo asiyejua anasamehewa. Anayejua akanyamaza hasamehewi, hata angetangaza masharti yake kwa kipaza sauti.

Lakini usikimbilie kwa kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya kinazipa mahakama za kadhi masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi tu. Mbuzi mwenye kiwele cha kuzuiliwa hayumo. Hukumu ya tasria inaishi misikitini, kwenye vikao vya wazee na katika dhamiri ya muuzaji, pale ambapo dhamiri hiyo ipo.

Kilichoubadilisha mlango wa Newbury ni Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, iliyotungwa chini ya Kifungu cha 46 cha Katiba kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Sheria hiyo inakataza madai ya uongo kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na haikuishia kwenye yaliyotamkwa. Inahesabu pia kutia chumvi, kusema kwa mafumbo, na kuacha kutaja jambo la maana pale ambapo kuacha huko kunadanganya au kunaelekea kudanganya. Anayejua ng'ombe wake ametupa mimba mara mbili, akakaa kimya, hana tena mgongo wa Hobbs wa kujifichia. Ila na sheria hii pia inamlenga mtu anayefanya biashara ya kuuza, kwa hiyo swali la dalali na mwenye mali linarudi palepale. Upande wa Tanzania, madai ya uongo na ya kupotosha yanakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia.

Turudi kwa dalali wetu na pumzi yake moja, kwa sababu madai yake yalikuwa manne na hayana uzito sawa.

"Mzima kabisa" ndilo linalosikika zito kuliko yote, na ndilo jepesi. Mzima kwa nini, na mzima wapi? Ng'ombe wa maziwa aliyezaliwa na kukulia bandani kwenye nyanda za juu, akikatiwa majani, huenda hajawahi kuumwa na kupe maishani mwake. Pale alipo ni mzima kweli, na muuzaji anaweza kuapa. Mlete Kaloleni, mwachie alishwe penye kupe wa masikio, na baada ya wiki mbili tatu ana homa, tezi zimevimba chini ya sikio, anapumua kwa shida: ndigana kali. Hapa hakuna aliyesema uongo. Dawa ya tatizo hili ni maneno yako wewe mnunuzi: "Ninampeleka pwani, kwenye kupe, nataka atakayehimili." Ukishayasema hayo kwa mfanyabiashara wa ng'ombe, umemwingiza kwenye kifungu cha 16. Usipoyasema umenunua ng'ombe wa bara, na wa bara ndiye uliyepewa.

"Amechanjwa kila kitu" ni dai la aina nyingine. Hili linapimika, na mara nyingi linajivunja lenyewe ukiuliza maswali mawili. Kwanza, "kila kitu" hakipo. Chanjo ya ndigana kali iliyotokana na utafiti wa Muguga hutolewa mara moja, na kwa kawaida ng'ombe huvishwa hereni ya sikioni kama alama. Ya ugonjwa wa miguu na midomo haikai. Kinga yake hupungua ndani ya miezi michache na lazima irudiwe. Kwa hiyo "amechanjwa" bila tarehe ni sawa na tikiti ya basi isiyo na siku ya safari. Pili, chanjo huacha karatasi. Aliyechanja ni mtu mwenye jina, na kama ni daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa, Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya inamjua.

Wauzaji wa vitoto vya mbwa mtandaoni ndio mabingwa wa dai hili. Picha nzuri, zulia jekundu, na maneno "majuma sita, chanjo zote tayari". Hesabu yenyewe inakataa. Chanjo ya parvo huanza kati ya majuma 6 na 8 na hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka mtoto afike majuma 16 hivi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuizima chanjo ya mapema. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hudungwa akifikisha miezi 3. Mtoto wa majuma 6 mwenye "chanjo zote" hayuko duniani. Hapo huhitaji daktari wala wakili, kalenda ya ukutani inatosha. Na kwa kuwa tangazo limeandikwa, hakuna wa kukana; lipige picha kabla halijafutwa.

"Lita 20" ni dai la namba, na mimi napenda madai ya namba kwa sababu hayawezi kujificha nyuma ya maoni. Akikwambia ng'ombe ni "mashine ya maziwa", amemsifu tu, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akisema lita 20, ametaja jambo linaloweza kupimwa kwa mkebe. Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mkamue jioni mpaka kiwele kilegee, lala hapohapo au mwache mtu wako, mkamue tena asubuhi baada ya saa 12. Mkamuo wa kwanza usiutie maanani, ni ule wa pili unaosema kweli. Dalali atalalamika kwamba unamchelewesha. Kweli, na mwache achelewe. Tukubali pia kwamba safari ndefu na majani mageni hupunguza maziwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo dalali aliyemwambia shangazi ampe muda hakuwa amebuni kisingizio kitupu. Ndiyo sababu kipimo kifanyike kabla ya lori.

Mimba ya miezi 3 hupimwa na daktari kwa mkono kwa dakika chache. Mwenye uzoefu huitambua hata ikiwa na majuma 6 au 8. Dai hili halina udhuru kabisa. Ila daktari awe wako. Daktari anayeletwa na muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kama mizani ya dhahabu, lakini kesho akihitajika mahakamani atakuwa shahidi wa nani?

Kuna dai la tano ambalo halikutamkwa, nalo ni la sindano. Mnyama mwenye homa akidungwa antibayotiki jana au juzi yake, au dawa ya kutuliza uvimbe ikiwa anachechemea, huja sokoni amechangamka, anakula, anatembea. Dawa ikiisha mwilini, ugonjwa unarudi ukiwa kwako. Kuficha kwa sindano ni kusema uongo kwa mkono, lakini kulithibitisha ni kazi. Uliza swali moja mbele ya shahidi: "Ametibiwa nini ndani ya siku 30 zilizopita?" Akisema "hakuna", amekupa tamko. Akisita, amekupa habari. Na kama maziwa yake yanatumika nyumbani, swali hilo linakulinda na mabaki ya dawa pia.

Kibali cha kusafirisha mifugo nacho kinatumiwa vibaya. Wauzaji wengi hukitoa mfukoni kama cheti cha afya. Kazi yake ni kuruhusu mnyama kutoka eneo moja kwenda jingine ili magonjwa yasienee, hasa kunapokuwa na karantini. Hakisemi kwamba ng'ombe huyu hana brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, wala kwamba kiwele chake kina chuchu nne zinazofanya kazi. Uwe nacho, kwani bila hicho safari yenyewe ina kasoro, lakini usikisome zaidi ya kilichoandikwa.

Tuseme umeshauziwa mbuzi kwenye gunia. Mahakamani au mbele ya wazee, swali litakalokukabili ni moja: ugonjwa huu ulikuwapo siku ya kununua, au ameupatia kwako? Hapa siku ndizo zinazotoa ushahidi. Ugonjwa wa miguu na midomo huchukua kati ya siku 2 na 14 tangu maambukizi mpaka dalili. Ng'ombe anayetoa udenda na kuchechemea siku ya tatu baada ya kufika kwenye zizi lisilo na ugonjwa, karibu hakika alikuja nao au aliuokota njiani. Akianza siku ya thelathini, usimsumbue muuzaji. Ndigana kali huanza kuonekana kati ya siku 8 na 25 baada ya kupe kuuma, kwa hiyo siku ya tano inamwelekea muuzaji na siku ya ishirini na nane inakuelekea wewe. Katikati ni ubishi.

Brusela ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu humfikia na mtu, kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Ng'ombe mwenye brusela anaweza kuonekana mzima kwa miezi, kisha akatupa mimba kubwa. Ukingoja mpaka atupe, muuzaji atasema aliipata kwako, na hutakuwa na la kujibu. Lakini damu ikitolewa siku mbili tatu tangu afike, na kipimo kikaonyesha kinga ya brusela, kinga hiyo haikutengenezwa zizini kwako, kwani mwili huhitaji muda kuiunda. Isipokuwa kama alichanjwa brusela akiwa mtamba, karatasi hiyo ya maabara ina nguvu kuliko mashahidi kumi. Muweke mgeni peke yake, mbali na wenzake, kwa wiki tatu hivi. Hilo litawalinda ng'ombe wako, na rekodi ya siku hizo itakulinda wewe.

Mnyama akifa, usimzike wala usimwite mchinjaji kabla ya daktari kumwona. Akifa ghafla na damu ikatoka puani au nyuma, usithubutu kumpasua: huenda ni kimeta, na hapo jambo limeacha kuwa la pesa.

Mwarifu muuzaji mara moja, na kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha: tarehe, tatizo, unachotaka. Ukikaa wiki kadhaa kimya huku unamlisha, unamkamua na kumpandisha, sheria itakuona umemkubali. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kwa mnyama uliyemchagua mwenyewe na umiliki ukahamia kwako, sheria ya Sura ya 31 kwa kawaida inakupa fidia, haikupi haki ya kumrudisha, ila kama mlikubaliana hivyo au ulidanganywa. Yaani ng'ombe anabaki kwako na unadai tofauti ya thamani, pamoja na hasara iliyotokana na kauli ya uongo. Anayetaka kurudisha lazima awe ameliandika hilo kabla pesa hazijatoka.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambayo yanawatosha ng'ombe wengi na mbwa wote, iko Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Nenda na ujumbe wa M-Pesa wenye jina la aliyepokea, na mazungumzo ya WhatsApp pamoja na zile sauti anazotuma dalali akiwa na furaha ya biashara. Ushahidi wa simu unakubalika, ila Sheria ya Ushahidi inataka uambatane na cheti kinachoeleza umetolewa kwenye kifaa gani na namna gani. Waulize makarani wa mahakama mapema.

Shangazi hakwenda mahakamani. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa lilitosha. Mzee mmoja wa soko alilitambua, akampigia dalali, na sehemu ya pesa ikarudi baada ya mivutano ya mwezi mzima. Ng'ombe akauzwa, na mnunuzi akaambiwa lita 7.

Alipokwenda kununua wa pili, alikwenda siku moja kabla, na ndoo, na daktari wake, na daftari la shule la mjukuu wake. Dalali alikuwa mwingine lakini wimbo ulikuwa uleule: mzima, amechanjwa, lita 20. Shangazi akafungua ukurasa, akamkabidhi kalamu, akamwambia, "Andika hayo hayo, mwanangu. Na uandike siku 14 za kurudisha, jina la mwenye ng'ombe, na namba ya kitambulisho chako."

Kijana aliishika kalamu akaitazama. Akasema siku 14 ni nyingi, ziwe 7. Kuhusu chanjo, alikumbuka ni ya miguu na midomo tu, mwezi uliopita, akampigia aliyechanja ili aulizwe. Halafu akaandika, polepole, kwa herufi kubwa: LITA 12.

Shangazi alimkamua jioni, akalala kwa jamaa yake karibu na soko, akamkamua asubuhi. Zilikuwa 12 kasoro kikombe.